Kiti Kilichoshushwa

Harufu ya gundi ya kuziba pancha hunirudisha Noonkopir, nikiwa na miaka kumi na tatu na kilo sabini na nne. Kilo hizo nina hakika nazo: nilijipima mara mbili kwenye mizani ya muuza makaa, na mara zote mbili akaniangalia kana kwamba nimemwibia gunia.

Baba, aliyefanya kazi Magadi, aliniachia baiskeli yake nyeusi ya chuma niendee shule. Fundi Wafula alinitazama, kisha akashusha kiti hadi chini kabisa.

"Mtu mzito lazima miguu iguse chini," akasema. "Ukianguka wewe, barabara ndiyo itaumia. Punguza ugali."

Wiki mbili niliendesha magoti yakinipiga tumboni. Nikishuka, nilitembea kama ng'ombe aliyetoka kuzaa. Mama akaamua: Jumamosi baiskeli ingeenda kwa Nekesa, binamu yangu mwembamba. "Si kila nguo ni ya kila mgongo," alisema, kwa upole uliouma kuliko magoti.

Ijumaa niliisukuma hadi kwa Wafula. Alikuwa akimfungia mchuuzi wa maji mitungi minne nyuma ya baiskeli.

"Fundi, hiyo mitungi ni kilo ngapi?"

"Themanini. Bila mwenyewe."

"Na umeiambia ipunguze ugali?"

Mchuuzi akacheka. Wafula akajifanya anatafuta spana.

"Na mbona kiti chake kiko juu?"

"Kikiwa chini atapata wapi nguvu ya kukanyaga?" Nadhani hapo aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Basi inua changu. Na gurudumu la nyuma ulijaze upepo kama lake."

"Ukianguka, mamako asikuje hapa."

"Nikianguka, nimeanguka na yangu."

Alikiinua vidole vinne. Nikapima, nikasema bado. Akaongeza viwili, akinung'unika. Nilizunguka soko mara moja, kisha tena, nisije nikadanganywa na bahati. Magoti hayakusema neno.

Jumamosi Nekesa alipokuja, nilikuwa njia ya Isinya. Jioni Mama aliniona nikishuka bila kuchechemea. Akamgeukia Nekesa: "Rudi tu nyumbani, mama. Hii imepata mwenyewe."

Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba Wafula hakuwa mtu mbaya. Kazi yake aliijua. Ila aliponiona mimi, aliacha kutazama baiskeli. Nami, wiki mbili nzima, nilikuwa nikila nusu sahani ili nitoshe kwenye kiti kilichohitaji tu kulegezwa nati moja.