Konokono Waliolala Kisiwani

Baada ya baba na mama kufariki, shangazi yetu alituchukua kwake Ileje, bondeni karibu na mto Songwe. Mimi, mkubwa, niliacha shule darasa la sita. Wadogo zangu waliendelea, kwa sababu shangazi alifuga kuku, na mayai yake yalisafiri hadi Tunduma, kwa madereva wa malori waliokwama mpakani. Mayai hayo yalimfikisha mdogo wangu wa kiume kidato cha pili.

Kuku anayetaga sana huishiwa chokaa mwilini. Asipoongezewa, hutaga yai lenye ganda laini, ukilishika linabonyea. Kwa hiyo kila kiangazi, mto ukipungua, wanawake tulivuka kwa miguu hadi kisiwa kilicho katikati ya mto kuzoa maganda ya konokono chini ya majani makavu. Nyumbani tuliyatwanga kwenye kinu, tukachanganya na pumba.

Kisha alikuja mtaalamu wa konokono kutoka chuo kikuu, nami nikamwongoza kisiwani. Aliokota konokono mdogo mwenye mistari ya kahawia, akanionyesha utando mweupe mdomoni mwa ganda.

"Huyu hajafa," alisema. "Amefunga mlango, anasubiri mvua."

Alimdondoshea maji. Tulichuchumaa kumtazama, utando ukalainika, pembe mbili zikachomoza. Nikakumbuka kinu cha shangazi.

Alisema aina ile hakuiona ng'ambo yoyote ya mto, ila pale kisiwani tu. Aliniomba niwaelimishe wenzangu wasiwazoe waliolala, maana nilijua Kindali, lugha yao, kisha akaondoka.

Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwa na kikombe cha maji na konokono aliyelala.

"Mwalimu wa konokono huyo," jirani mmoja alisema. "Leo tunaanza na a, e, i?"

Alipomwona konokono akitoka, akasema, "Mume wangu naye hulala kiangazi chote. Nimmwagie maji?"

Wanawake waliokuwepo walicheka wote, nami nikacheka. Lakini jirani yule aliniuliza kuku wake wale nini, nikamjibu kwa maneno ya mtaalamu. Mtaalamu alisema chokaa ya kuku inauzwa madukani Tunduma. Ilikuwepo kweli, na bei yake nayo ilikuwepo.

Kwa shangazi nilikwenda mwisho, ingawa nililala nyumba moja naye. Alikuwa ameshika mchi.

"Shangazi, wenye utando tuwaache."

"Na mdogo wako asomee nini, mama? Utando?"

Hakuwa anatania. Alitwanga hadi akamaliza yaliyokuwa kinuni. Kesho yake, hata hivyo, nilimkuta amekaa na mabeseni mawili, anachambua. Yaliyo wazi huku, waliofunga kule. Beseni la waliofunga lilijaa. Maganda matupu hayakufunika hata kitako cha beseni lake.

"Warudishe kwao," alisema bila kuniangalia.

Niliwarudisha. Mwezi haukuisha, mayai yakaanza kubonyea. Yalipasuka njiani, na mnunuzi wa Tunduma akayakataa. Ada ilipokosekana, mdogo wangu alirudi nyumbani kutoka bwenini na sanduku lake.

"Dada, hao konokono wanakula nini?" aliniuliza.

"Majani yaliyooza."

"Afadhali yao."

Wiki ile ile alikwenda Tunduma kusukuma mikokoteni ya mizigo kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Shangazi hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kabla mto haujajaa, tulivuka mimi na yeye. Tulikuta majani yamepinduliwa kisiwa kizima. Tulichokuwa tumeacha, wengine walikizoa, na kwa nini wasizoe, nao walikuwa na kuku na watoto. Tulipekua chini ya kila mti hadi nguo zikalowa. Kwenye shina moja lililoanguka, upande wa mtoni, ndipo tulipowaona konokono wa mistari ya kahawia, wachache, wakitambaa.

"Ndio hawa tu?" shangazi aliuliza.

"Ndio hawa."

Aliwatazama kwa muda mrefu. Nilijua anamfikiria nani, maana hata mimi nilikuwa namfikiria mdogo wangu. Kisha akakusanya majani mabichi kwa mikono miwili, akalifunika shina.

"Hapa usimwonyeshe mtu."

Sikumwonyesha mtu. Kikombe changu nilikirudisha jikoni, na jirani aliponiuliza kama bado wapo, nilimwambia wamekwisha.