Jezi namba saba ya Tolliver yabaki na mtunza vifaa

Alfajiri, kabla ndege wa Tolliver hawajakubaliana nani aanze kuimba, Odell Hutchins anasukuma toroli la nguo chafu na kulitukana kwa sauti ya chini, maana yeye ni shemasi. Gurudumu moja ni bovu. Toroli linataka kwenda kushoto, Odell anataka kwenda kulia, na kila asubuhi ya Agosti wanapatana hapo katikati, kwenye mlango wa stoo ya vifaa.

Ndani, mashine kubwa ya kufulia inaruka sakafuni kama fahali aliyekanyaga kaa la moto. Mwaka jana ilivunja nati zake, ikatoka nje peke yake, ikakutwa kwenye maegesho ya magari. Odell anaapa ilikuwa inaelekea barabara ya Birmingham. "Na ingefika," anasema, "ila umeme uliishia njiani."

Anachambua mikanda. Kila mchezaji hufunga soksi, fulana na kaptula zake kwenye mkanda mmoja wenye namba yake, ili zisipotee kwenye maji. Odell anaipanga mezani: nne, tano, sita. Kisha nane.

"Ya saba haijaja tangu Jumapili," anamwambia mwandishi bila kuulizwa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana utani wa kuongeza.

Odell ana umri wa miaka sitini na moja. Alishona viatu kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, akaja hapa Chuo cha Tolliver, Alabama, kwa muda tu, akitafuta kazi nyingine. Muda huo sasa una miaka kumi na tisa. Mshahara wake wa mwezi haununui helmeti tano mpya, lakini helmeti zote za timu hii ya futiboli ya Kimarekani zimepita mikononi mwake, na anajua kichwa cha kila mmoja kilivyo: cha nani kirefu, cha nani bapa kwa nyuma, cha nani kigumu kwa maana zote mbili.

Mazoezi ya kabla ya msimu huwa mabaya kila mwaka. Joto la hapa, kwa maneno ya Odell, liliwahi kuuinamisha mnara wa kanisa la Kibaptisti ukitafuta kivuli chake wenyewe. Soksi za vijana wa mstari wa mbele zinasimama zenyewe na kupanga foleni. Lakini mwaka huu hakuna anayecheka sana. Msimu uliopita Tolliver ilishinda mechi mbili, moja kwa sababu basi la wapinzani liliharibika. Wachezaji wazuri wakihamia vyuo vikubwa, Kocha Mkuu Brannock huzunguka majumbani kwa watu kutafuta wengine, anakula mapaja ya kuku kwa kila bibi wa Alabama, na kurudi mikono mitupu na tumbo limejaa.

Aliyebaki miaka yote ni Javaris Pettway, mrushaji wa mpira, nafasi inayochezwa na mmoja tu kwa wakati. Alipofika alipewa namba arobaini na sita, jezi iliyoshonwa vibaya ambayo hakuna aliyeitaka. Misimu mitatu alikaa benchi, akimsubiri mwenye saba amalize masomo. Hapa namba haiombwi wala hainyakuliwi. Mwenyewe huirudisha dirishani kwa Odell, na Odell humkabidhi mrithi mkononi. Januari, saba ikawa ya Javaris. Huu ndio mwaka wake wa kucheza, na ndio wa mwisho.

Jumamosi iliyopita timu ilicheza yenyewe kwa yenyewe, na chuo kikamkaribisha kijana wa sekondari anayeitwa Kendrell Mabry, mrushaji pia, anayetafutwa na jimbo zima. Alikuja na mama yake na mjomba mmoja mwenye kofia pana. Walilishwa mbavu za kuchoma, pai ya viazi vitamu na chai baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kisha wakaletwa stoo, kwa sababu kila mgeni anayetongozwa na timu lazima avishwe jezi apigwe picha.

"Nataka saba," kijana akasema.

"Saba ina mwenyewe," Odell akamjibu. "Nina tatu hapa, nzuri, haijawahi hata kutokwa jasho. Nina kumi na moja."

"Shuleni navaa saba, mzee."

Mjomba akacheka. "Jamani, chuo kizima kinashindwa kumpa mtoto fulana?"

Kocha Brannock akamvuta Odell pembeni. "Mpe bwana. Picha tu. Dakika mbili."

"Kocha, Javaris yuko uwanjani hapo, unamsikia anavyopiga kelele."

"Ndiyo, yuko uwanjani. Hataiona. Odell, nikimkosa huyu, mwakani mimi na wewe tutauza matikiti kando ya barabara."

Odell akaishusha jezi nyekundu ya mechi, ambayo haivaliwi mazoezini, kutoka kwenye kiango. Akamvika kijana, akamnyoosha mabega, akarudi hatua moja nyuma na kusema maneno anayowaambia wageni wote, wanene kwa wembamba:

"Imekukaa kama umezaliwa nayo, mwanangu."

Mjomba alikuwa anarekodi. Kabla ya kipindi cha pili kwisha, video ilikuwa kwenye simu za mji mzima, na sauti ya Odell ilikuwa ndani yake, safi kuliko anavyosikika akisoma matangazo kanisani.

Javaris alikuja dirishani baada ya mazoezi, bado na vumbi usoni.

"Mzee Odell, ile saba niliyoiona ni yangu?"

"Ilikuwa picha tu, mwanangu. Kocha alisema..."

"Kocha namjua. Kocha angeweza kumtoa hata mama yangu mzazi." Akajifuta vumbi kwa kiganja. "Nimesikia sauti yako."

"Javaris, yale huwa nayasema kwa kila mtu."

"Basi sawa."

Akaweka helmeti dirishani taratibu, kama mtu anayerudisha sahani kwa jirani. Jumapili asubuhi kabati lake lilikuwa tupu. Wenzake wanasema yuko kwa bibi yake, kaunti ya pili, na Jumatatu aliingia zamu kwenye kiwanda cha kuku.

Kendrell Mabry naye alitangaza uamuzi wake jana kwenye ukumbi wa shule yake, kofia za vyuo zikiwa zimepangwa mezani kama ilivyo desturi, achague moja aivae. Zilikuwepo nne. Ya Tolliver haikuwepo hata mezani.

"Ndiyo kazi hii," Kocha Brannock alisema alipoulizwa, macho yakiwa kwenye uwanja. Kisha akaongeza, polepole, "Javaris anajua mlango uko wapi."

Nyumbani, mke wa Odell, Bi Earline, hamwonei huruma. "Huo ulimi wako, Odell! Miaka yote nakuambia, watu wengine wanasikiliza unachosema."

"Wewe mwenyewe hujawahi kunisikiliza."

"Ndiyo maana bado tuko pamoja."

Jumatatu jioni Odell aliendesha gari hadi kwa akina Pettway. Bibi wa kijana alimfungulia, akamketisha, akampa mkate wa mahindi na maziwa. Alikuwa mpole kiasi cha kumuumiza.

"Yuko chumbani, Shemasi. Anasema hajisikii."

"Mwambie nimekuja peke yangu."

"Nimemwambia. Amesema asante kwa kuja."

Odell alimaliza mkate wote, kwa heshima, akaondoka bila kumwona.

Basi la mechi ya kwanza linaondoka Ijumaa asubuhi. Asiyekuwemo hatacheza, na Javaris hana mwaka mwingine wa kusubiri. Kocha ameshaagiza saba apewe kijana mpya wa mwaka wa kwanza, anayerusha mpira kama anafukuza nyuki. Odell amejibu kwamba jezi ina mshono ulioachia. Mshono haujaachia.

Kesho, zamu ya kiwanda ikitoka, anakusudia kumsubiri Javaris getini. Hatabeba jezi. Hatamwomba arudi pia, anasema, kwa sababu kijana ameshaombwa mambo mengi na watu wazima mwaka huu.

Basi atamwambia nini?

Odell anakunja taulo moja, analikunjua, analikunja tena. Nyuma yake mashine inaanza kutetemeka na yeye hajishughulishi nayo.

"Nitamwambia yale maneno nimewapa zaidi ya vijana mia. Huwa nayatoa kama mtu anavyosema habari za leo. Lakini Januari, yeye alipokuja kuchukua saba, akaivaa hapo ulipo wewe, akageuka nimwone, mimi sikusema chochote. Nilishindwa. Ilikuwa imemkaa kweli."

Analiweka taulo juu ya mengine.

"Kama atanisikiliza hadi hapo, nitarudi nyumbani nimeridhika. Akipanda basi, hilo ni lake."