Mzaha wa Ujiji kwenye msiba wa Wamaza

Zabroni Gwimo anagonga tofali kwa mpini wa mwiko, analisogeza kidogo, anainama kuutazama uzi aliouvuta kutoka kigingi hadi kigingi, kisha analigonga tena. Ametandaza udongo wa kutosha matofali machache tu. Jua la Wamaza, kijiji cha mashariki mwa Kongo, likishapanda hukausha udongo upesi, na hana wa kumchanganyia mwingine isipokuwa mkewe.

Mkewe, Dorkasi, anafika na karai kichwani. Analitua, anajifuta mikono kwenye kitenge, anakaa juu ya rundo la matofali. Kwenye njia inayopita ukingoni mwa shamba, wanawake wawili wenye vikapu vya mihogo wanawasalimu, "Jambo, baba. Jambo, mama," na kupita bila kusimama.

"Zamani wangetua mizigo," anasema Dorkasi walipokwisha kupita. "Tungeulizana habari mpaka hiyo mihogo ikauke."

Zabroni, mwenye umri wa miaka sitini na saba, anajenga kaburi. Aliyelala humo ni André, mzee wa kanisa aliyewapokea wao wawili walipofika kutoka Tanzania mwaka juzi, akawapa nyumba ya kulala na kiwanja cha kujenga kanisa. Kazi hii hailipwi. Ameagizwa na mjane wa marehemu, Mama Ernestine, na siku itakapokwisha ndipo mama huyo atampa jibu: kama amemsamehe, na kama yeye na mkewe waendelee kukaa Wamaza au warudi kwao Ujiji.

Kosa lenyewe halihitaji kuulizwa mara mbili. Kila mtu hapa analijua, na Zabroni halikwepi. Hulisimulia akiwa ameinamia matofali.

"Nilimtania maiti," anasema. "Mahali ambapo hakuna utani."

Alizaliwa Kasulu, Muha wa ukoo wa wakulima, akahamia Ujiji akiwa kijana, na huko akafanya kazi ya uashi kwa zaidi ya miaka arobaini. Mtaa aliokaa umejaa Wamanyema, wajukuu na vitukuu vya watu waliotoka upande huu wa ziwa enzi za misafara. Yeye na majirani zake hao walikuwa watani. Msiba ukimfika Muha, Mmanyema huja akajilaza mlangoni na kuizuia maiti isitoke mpaka apewe kitu. Huanika hadharani ulafi wa marehemu na uvivu wake, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Msiba ukiwa wa Mmanyema, zamu huwa ya Muha. Na katika matusi yote ya mtaa ule, lililozoeleka kuliko yote lilikuwa lile la kale, kwamba Wamanyema hula watu. Waliotukanwa ndio waliokuwa wakicheka zaidi.

Alipostaafu uashi, akiwa mwinjilisti katika kanisa lao dogo, viongozi walitafuta watu wazima wa kwenda kufundisha na kujenga Kabambare, upande wa Kongo, ilipo Wamaza. Watoto wao wote walikwisha kuwa na nyumba zao. Zabroni alijitolea kabla ya kumuuliza mkewe.

"Alikuja nyumbani akasema, 'Mama Anyesi, tunakwenda kwa watani,'" Dorkasi anakumbuka. "Nikamwambia, wewe una watani hapo nyuma ya choo, unawafuata Kongo wa nini?"

Wakavuka ziwa hadi Kalemie, wakapanda lori, kisha pikipiki. Posho yao ni dola mia moja kwa mwezi kwa watu wawili, ikifika. Wanalima mihogo na mpunga kama wenzao. Asubuhi Dorkasi alifundisha wanawake kusoma. Mchana Zabroni aliongoza kazi ya kanisa, na watu wa kufyatua matofali walijaa mpaka kalibu za kufyatulia zikagombaniwa. Kuta zilifika usawa wa madirisha.

Huko nyumbani maisha yaliendelea bila wao. Mwaka jana dada yake Zabroni, Stefania, alifariki Kasulu. Mvua ilikuwa imekata barabara, na hata isingekata, nauli haikuwapo. Zabroni alipanda kilima ambako simu hupata mtandao, na binti yake Anyesi akainua simu yake juu huko makaburini ili baba asikie. Alimsikia mtani wao, mzee wa Kimanyema aliyetoka Ujiji kwa ajili hiyo, akipiga kelele kwamba Stefania haingii kaburini mpaka alipe jogoo aliyemla mwaka wa njaa.

"Nilicheka peke yangu juu ya kilima," anasema Zabroni. "Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndipo nikalia. Tangu nipate habari nilikuwa sijalia."

Kwa hiyo André alipofariki, baada ya kuugua muda mfupi, Zabroni alijua la kufanya, au alidhani anajua. Hakuna mtu wa Wamaza ambaye Zabroni alimpenda kuliko mzee yule. Alitaka kumfanyia kile alichofanyiwa dada yake.

Jeneza lilipoinuliwa ndani ya nyumba, Zabroni alikwenda akajinyoosha kizingitini.

"Mnampeleka wapi?" alisema kwa sauti ya mimbarani. "Tangu lini Mmanyema akafukia nyama?"

Akangoja kicheko.

Waliobeba jeneza hawakulitua. Walisimama nalo kidogo, wakimtazama pale chini. Kisha wakageuka, wakapita mlango wa nyuma, wakabomoa ua wa matete wa jikoni ili jeneza lipite, wakaenda kuzika. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Alipoinuka, nyumba ilikuwa tupu na nguo zake zina vumbi.

Dorkasi alikuwa nje, katikati ya wanawake. "Walikuwa wameniegemea, nami nimewaegemea," anasema. "Nilisikia sauti yake, nikasikia na maneno. Wale wanawake hawakunisukuma. Waliondoa mabega yao tu, mmoja baada ya mwingine."

Aliyemweleza Zabroni alichokifanya ni Pacifique, dereva wa pikipiki anayewaletea mizigo kutoka mji wa Kasongo. Alikuja na mfuko wa saruji uliolipiwa kabla ya msiba, dola arobaini na tano, akaushusha bila mzaha wake wa kila siku kwamba saruji ya Mungu ni nzito kuliko ya shetani.

"Baba, hiyo neno haiko mchezo kwetu," alimwambia kwa Kiswahili cha kwao, ambamo 'wa' huwa 'ba' na 'ndiyo' huwa 'njo'. "Njo ile neno benye kutufukuza mu vita balikuwa banatutukana nayo."

"Lakini kwetu Wamanyema wenyewe hucheka."

"Bale ni ba kwenu. Mulipatana nabo zamani, kule. Hapa ulipatana na nani?"

"Utani ni mapatano ya watu na watu," anasema Zabroni leo. "Mababu wa wale wa Ujiji waliondoka hapa, wakakutana na mababu zangu, wakapatana. Hawa waliobaki hatukuulizana nao kitu. Mimi nilikuja nikajikaribisha."

Kuanzia siku hiyo hakupanda mimbarani. Hakuna aliyemkataza, aliona mwenyewe kwamba kinywa kile hakifai. Kiwanja cha kanisa kikaota nyasi. Darasani kwa Dorkasi walikuja wawili, kisha hakuna.

Usiku mmoja Dorkasi alimwambia la moyoni. "Mtu mzima, mvi kichwani, umevuka ziwa zima kuja kuniaibisha. Ningekuwa na nauli ningekuacha na mwiko wako." Kesho yake asubuhi alimpelekea uji kama kawaida.

Kuomba msamaha hapa si kwenda kubisha hodi. Mkosaji hutafuta mtu wa kumsemea, naye mwenyewe hukaa chini akanyamaza. Zabroni alizunguka kwa wazee wa kanisa, kila mmoja akapata udhuru. Aliyekubali alikuwa Abdoul, muuza chumvi na sabuni, mzaliwa wa Kasongo wa ukoo wa Kiislamu wenye ndugu mpaka Ujiji. Katika mwaka na zaidi, Zabroni alikuwa amemsalimu tu, hajawahi kuketi naye.

"Mi ninajua mambo ya kule, shangazi yangu aliolewa kule," Abdoul alimwambia. "Nitasema juu yako. Lakini weye utanyamaza. Ukifungua kinywa, mi ninatoka, ninakuacha na jogoo yako."

Wakaenda na jogoo mweupe. Zabroni akakaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Abdoul akaeleza habari za utani, za Stefania, za kilima na simu. Mama Ernestine alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema na Abdoul, si na Zabroni.

"Batoto yangu moja, Laura, alikufa mu pori tukikimbia vita. Tulimufunika na majani, tukaendelea kukimbia. Mpaka leo sijue ni fasi gani tulimuacha. Bwana yangu André njo mutu wa kwanza wa nyumba yangu nilizika na jeneza, na nyimbo, na batu. Mungu alinipa siku moja ile. Na yeye akalala mu mulango."

Zabroni anasema alitamani kusema, na kwamba kunyamaza kwa wakati ule ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya Kongo.

"Iko fundi?" mama akauliza.

"Ni fundi," Abdoul akajibu.

"Ajenge kaburi ya bwana yangu. Asihubiri. Akimaliza nitakuja kuangalia, na njo siku nitajibu."

Jogoo akapokelewa, akafungwa mguu jikoni. Hakuchinjwa.

Ndiyo sababu ya uzi huu, vigingi hivi na udongo huu. Zabroni hufanya kazi polepole kuliko alivyowahi kufanya. Kila kozi, yaani kila safu ya matofali, huipima kwa timazi mara mbili. Leo kozi ya tatu imezunguka pande tatu, na upande wa miguuni una kozi mbili. Ameshika tofali la kuanzia ya tatu pale Dorkasi anaposema kwa sauti ya chini, "Baba Anyesi."

Mama Ernestine anakuja kupitia kwenye mihogo, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Hakutazamiwa leo. Zabroni anavua kofia. Mama anazunguka kaburi, hagusi kitu, anasimama upande wa miguuni.

Mkono wa Zabroni uko hewani na tofali. Ujiji angeliweka, kwa kuwa ndivyo kaburi linavyojengwa Ujiji. Analirudisha chini.

"Mama," anasema, "huku kwenu, upande huu unafungwa?"

Mama Ernestine anamtazama. Ni mara ya kwanza tangu msiba kumtazama usoni.

"Kumbe unajua kuuliza," anasema.

Zabroni anaweka kofia juu ya matofali.

"Ungeuliza ile siku."

"Ndiyo, mama. Ningeuliza."

Upepo unapita kwenye mihogo. Dorkasi ameinamisha kichwa, anachuna udongo uliokaukia vidoleni.

"Kwa miguu fundi hafungi," mama anasema hatimaye. "Batoto bake njo banafunga. Kila mutoto anaweka tofali yake na mukono yake. Hervé, mutoto yake, iko Salamabila, mu mashimo ya zahabu, bado hajafika. Ukifunga, ataweka wapi?"

"Nilikuwa sijui, mama. Nizitoe hizi mbili?"

"Toa."

Anazitoa. Udongo wa kozi ya chini umekwisha kushika, inabidi aupenyezee ncha ya mwiko na kulitikisa kila tofali mpaka liachie. Anayapanga pembeni, anayakwangua moja moja. Dorkasi ananyanyuka kumsaidia. Mama Ernestine anasimama pale wakati wote huo, mikono nyuma, kama msimamizi wa kazi.

Tofali la mwisho linapotoka, anageuka.

"Mama Anyesi, maji iko?"

Dorkasi anashtuka, anakimbilia ndoo, anamimina kwenye kikombe cha bati, anampa kwa mikono miwili. Mama anakunywa nusu. Iliyobaki anaimwaga taratibu juu ya matofali mapya, kama mtu anayejua kwamba tofali kavu hunyonya maji ya udongo. Anarudisha kikombe.

"Mama," Zabroni anaanza.

"Haijaisha," anasema mama, na kushika njia ya kurudi.

Jioni inapokaribia, wanandoa hao wanakaa wakiegemea mti wa mpapai, katikati yao kuna sahani ya muhogo wa kuchemsha. Anyesi alipiga simu juzi. Anataka warudi kabla ya Krismasi. Mjukuu mdogo ameanza kutembea na hawajui. Bado hawajamwambia kilichotokea.

"Nitamwambia nini?" anasema Zabroni. "Kwamba baba yako alikwenda kuhubiri upendo, akamtukana maiti?"

"Utamwambia hivyo hivyo," anasema Dorkasi. "Ila ungoje nikiwa mbali na simu."

Ni mara ya kwanza kwa siku nyingi Zabroni kucheka, na kicheko chenyewe ni kifupi; anatazama upande wa nyumba ya wafiwa, anakikata.

Hana mpango mkubwa. Mama Ernestine akisema waondoke, wataondoka, na ataomba kanisa lake lilete mtu mwingine amalizie kuta. Akisema wakae, ataanza kwa kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza, mambo ambayo angeuliza mwaka juzi. "Ninataka tu jibu lake linikute hapa," anasema. "Lisije likanifuata Ujiji."

Anafunika udongo uliobaki kwa majani ya mgomba, anaosha mwiko. Uzi ameuacha kwenye pande tatu; wa upande wa miguuni ameufungua. Kesho ataendelea na upande wa kichwani.