Kidole Changu Katika Kazi ya Neema

Niliondoka Moshi mwishoni mwa miaka ya tisini kwenda Guangzhou kumrudisha binti yangu, Neema. Ndugu walinicheka: mtoto kapelekwa Uchina kusoma, kumbe anachezea mayai ya vyura. Badala ya kumtetea, nikapanda ndege nimefura.

Asubuhi ya kwanza nilipita soko la vitambaa la Zhongda. Kitambaa sikinunui kwa macho. Nakisugua kwa vidole mpaka kinieleze. Kiburi hicho nilikibeba hadi maabara ya chuo alikosoma Neema.

Alasiri Neema alinipa glavu. "Vaa, Baba."

"Mikono hii imeshika bidhaa miaka thelathini."

Hakunilazimisha. Alinionyesha mayai, nusu meusi, nusu meupe. "Jeni ni mchoro wa gauni, haitoki kabatini. RNA ni nakala anayopewa fundi. Yai likiibandika alama ndogo ya kikemikali, nakala inasomwa. Bila alama inalala tu, ingawa maneno ni yale yale. Wakati ukikosewa, kiluwiluwi hakikui sawasawa."

"Na yale maji ya kwenye kichupa, juu ya barafu?"

"Ndizo nakala zenyewe. Kazi ya miezi mitano."

Alipotoka kumwita mwalimu wake, nilifungua kichupa, nikachovya kidole, nikasugua. Hayakunieleza kitu.

Neema alirudi, akakiona kidole kimelowa. "Ngozi ya mtu ina vimeng'enya vinavyokatakata RNA," alisema taratibu. "Imekwisha, Baba."

Mwalimu aliingia. Nikamwambia Neema, "Mweleze ni mimi." Alisema kwa Kichina. Mwalimu akamkaripia yeye, mimi akanimiminia chai.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nimegusa mimi. Wewe mgeni, hawezi kukufokea. Anasema nikatafute pengine pa kusoma."

Yaani nilichokifuata, Neema kurudi nyumbani, nilikuwa nimekipata kwa kunyamaza tu. Nilijichukia. Miaka yote nawalaumu wanaoharibu mali ya watu na kunywa chai. Nikakichukua kile kichupa, nikachovya tena kidole mbele ya mwalimu, nikajipiga kifua kumwonyesha kwamba ni mimi.

Mwalimu akasukuma boksi la glavu mbele yangu, akamwambia Neema maneno machache.

"Amesema nianze upya, mayai mengine yakija," Neema akanitafsiria. "Na wewe usiingie tena humu."

"Ana haki."

Nilirudi Moshi peke yangu. Kaka yangu akanipokea kwa kicheko. "Yuko wapi? Vyura wamemshinda?"

"Vyura hawajamshinda," nikamjibu. "Aliyekaribia kumshinda ni baba yake, aliyewasikiliza ninyi."