Bibi Natalia na Mkwewe wa Kengele

Mwaka ule Bibi Natalia wa Mitwero alikuwa na kazi moja tu: kumlinda mkwewe. Mjukuu wake Imani, wa miezi mitano, alikuwa anaharisha, na kwa Bibi hilo halikuhitaji daktari. Mtoto kabemendwa! Wazazi wamekutana kabla hajaachishwa ziwa.

"Sixbert, baba, mkeka wako nimeutandika bandani kwa mbuzi."

"Ahsante, mama," akajibu Sixbert, seremala mzima, maana mkwe habishiwi.

Mtoto akazidi kuharisha. Bibi naye akazidisha ulinzi: akamfunga mkwewe kengele ya mbuzi mguuni. Kila Sixbert alipokwenda chooni tulisikia kengele, kisha sauti ya Bibi: "Wapi huko?" Majirani tulicheka mpaka mbavu zikauma, Mungu atusamehe.

Maziwa ya binti yake, Agnes, aliyapiga marufuku, eti yameharibika. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Lindi, yaliyokuwa matupu juzi tu, sasa yalijaa hata maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Bibi akanunua, akakoroga kwa maji ya kisima yasiyochemshwa. Chuchu ikianguka mchangani, aliipangusa kwa kanga, macho yakiwa kwa Sixbert. Nzi walikunywa, wala hawakuulizwa waendako.

Siku Imani aliposhindwa hata kulia, macho yamedidimia, Agnes alimnyakua akakimbilia zahanati. Bibi nyuma yake, Sixbert nyuma ya Bibi akiliza kengele, na sisi wambea tukafuata.

Muuguzi Consolata alimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Kisha akainusa chupa, akakunja uso.

"Nani anamlisha?"

"Mimi, kwa mikono yangu," Bibi akajibu kwa fahari.

"Basi kinachomzidishia ugonjwa kimo humu, bibi. Maji hayakuchemshwa, chupa haikuoshwa. Mrudishe kwenye ziwa la mama yake. Na huyu baba hana kosa."

Jioni Imani akashika ziwa, akanyonya kwa nguvu. Tulishangilia.

"Na uji uliolala," Bibi akamuuliza muuguzi taratibu, "unaongezwa maji ya kisima, nao ni hivyo hivyo?"

"Ni hivyo hivyo, bibi."

Bibi Natalia akakaa sakafuni.

"Mimi nimezika watatu," alisema. "Wote lawama nilimtupia baba yao. Romani aliniapia mpaka siku anakufa, na sikumwamini."