Sindano Aliyeuliza Mlangoni

Wagonjwa wa wodi ya wanaume walimwita muuguzi wao Sindano, wakidhani hajui. Alijua, na jina lilimkaa vizuri. Wodi ile aliishika tangu ujana wake, na mgonjwa aliyemwita ovyo alikaripiwa mpaka akajuta kulazwa.

Kisha mgonjwa mmoja akaanguka akienda chooni peke yake. Metroni mpya, ambaye Sindano mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa, akaleta utaratibu: kila saa muuguzi apite kitanda kwa kitanda, ainame, aulize kama kuna maumivu, kama mtu ana haja, kama maji yapo karibu.

"Hapa hospitali au hotelini, mwanangu?" Sindano aliuliza mbele ya wenzake.

"Hospitali, mama. Na akianguka mwingine kwenye zamu yako, utahamia chumba cha kufulia, ukakunje mashuka."

Sindano alicheka. Lakini bila wodi ile angekuwa nani?

Kesho yake asubuhi hakuinama. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Haya, nani ana shida?"

Hata aliyekuwa akikohoa alijizuia.

"Wazima hao!" Akarudi kwenye chai yake.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala dereva mstaafu wa lori, nyonga imevunjika. Mkojo ulimbana, na chupa ya kukojolea mfagiaji alikuwa ameisogeza mpaka pembeni mwa dirisha, mkono wake usikofika. Jana aliiomba, Sindano akamwambia asijitie utoto. Leo akafyata ulimi. Akajinyoosha, akajinyoosha tena, akaporomoka na shuka lake.

Metroni aliusikia ukelele, akaja mbio. "Ulimuuliza?"

"Niliwauliza wote!"

"Ameuuliza mlango," dereva alisema pale sakafuni, amelowa, meno ameyauma kwa maumivu. "Mimi hajaniuliza."

Mtu akacheka chini ya blanketi. Mwingine akamfuata, mpaka wodi nzima ikacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na huruma.

Mchana Sindano alirudi kuchukua sweta lake. Hakuna aliyemsalimu. Alifika dirishani, akainama.

"Baba, una haja?"

Dereva aligeuza uso, akatazama ukutani. "Kauulize mlango, sista."

Sindano akaitundika chupa ubavuni mwa kitanda, akatoka. Dereva hakuigusa mpaka viatu vya Sindano viliposikika mbali, vikielekea kwenye mashuka.