Aliyeniomba Ufunguo Juu ya Mlingoti

Siuzi mafuta ya upako, wala simtishi mtu. Mimi mwenyewe huwacheka wanaosimulia mambo ya majini. Lakini haya yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu timamu na chapati tumboni, na mlingoti wenyewe bado umesimama kule Kitisuru. Ukitaka nenda ukautazame.

Mimi ni fundi wa minara ya redio. Ndiyo, mwanamke, mama wa watoto, nakaa Waithaka, hilo tumelimaliza. Kazi yangu ni kupanda: kufunga antena, kubadilisha taa nyekundu ya juu, kukaza nati. Na kazi hii ina sharti moja. Kabla hujapanda unazima mtambo, unafunga swichi kwa kufuli lako mwenyewe, na ufunguo unapanda nao. Mtambo ukiwashwa nawe uko karibu na antena, unaungua kuanzia ndani. Kwa hiyo hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua, hata bosi.

Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya ukungu. Nilizima, nikafunga, nikavaa ufunguo shingoni. Mzee Wafula, bawabu wa kituo, mtu mpole wa Bungoma, aliniombea kama kawaida yake, kisha akarudi kwenye kibanda chake cha getini. Nikapanda.

Nusu ya safari ukungu ukanimeza, ardhi siioni tena. Nilipofika chini kidogo ya antena nikajifunga kwa mkanda wa usalama nipumzike, nikainua macho. Kulikuwa na mtu.

Niamini, nilimwona kama ninavyokiona kikombe hiki. Alikuwa amekaa juu ya chuma, amevaa ovaroli iliyochakaa na mkanda wa ngozi, ile mikanda ya zamani ambayo fundi wa leo haivai. Kwanza nikakasirika, nikidhani kampuni imeleta mwingine bila kuniambia. Lakini kila anayepanda hufunga kufuli lake kwanza; huyu alipandaje, na kwenye swichi lilikuwa langu tu?

"Umezima?" akaniuliza.

Nikamwambia nimezima. Akauliza kama nimefunga. Nikaugusa ufunguo shingoni, naye akautazama jinsi mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake.

"Mimi niliambiwa kwa simu tu, eti wamezima," akasema. "Nikaamini. Nipe hiyo funguo, fundi, nishuke nayo."

Hapo nikajua ninaongea na mtu wa namna gani. Nikashika ndoano ya mkanda niifungue nikimbie, ndoano ikakataa. Nikaivuta kwa mikono miwili, nikaigonga kwa spana, wapi. Kutazama chini, yule mtu sasa yuko kwenye ngazi, chini ya miguu yangu, na sikumwona akinipita. Juu antena, chini yeye, pembeni hewa tupu. Nilimwita Mzee Wafula mpaka sauti ikakauka. Nilitoa simu, haikuwa na mtandao, nami nimening'inia mnarani. Cheka tu.

Nililia, sioni haya kusema. Nilimwaza binti yangu wa mwisho, ambaye hali mpaka nimlishe mimi. Nikimpa huyu ufunguo, nani atamzuia kuuwasha mtambo? Nisipompa, nitakaa naye hapa mpaka lini? Alinisubiri bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Watawasha," akasema. "Wanakuja kuwasha. Nipe."

Nikauvua. Mkono wake ulikuwa baridi kama chuma alichokuwa amekalia. Akashuka, na ngazi haikutoa hata mlio. Nikabaki nimefungwa pale, bila ufunguo, nikisubiri kuungua. Umewahi kusubiri kitu kama hicho? Kisha, nikiwa nimeshaanza kumwaga maombi ya mwisho, ndoano ikafunguka yenyewe.

Sikumbuki nilivyoshuka. Katika chumba cha mtambo nilimkuta Mzee Wafula amekaa sakafuni, mkasi wa kukatia vyuma mapajani. Kufuli langu lilikuwa kando yake, limekatwa.

"Nisamehe, Mama Njeri," akasema. "Bosi amepiga simu. Ati wasikilizaji wanalalamika redio imenyamaza, ati ameongea na wewe ushashuka, nikate niwashe. Nikaamini, nikakata. Kumbe kulikuwa na ingine."

Nikatazama. Swichi ilikuwa imefungwa kwa kufuli la pili, la shaba, kuukuu, la aina ambayo sijawahi kuiona dukani. Meno ya mkasi yalikuwa yamevunjika juu yake. Na ufunguo wangu ulikuwa umening'inizwa hapo kwa kamba yake. Mzee aliapa kwamba hakuna mtu aliyeingia.

Ule ufunguo haukulifungua kufuli lile, wala mwingine wowote. Iliwabidi wang'oe swichi nzima. Bosi yule nilimwachia kazi yake siku hiyo hiyo. Bado napanda, lakini kwa wengine, na huwa nafunga makufuli mawili. Kiganja kilichomgusa hakijapata joto tangu siku ile. Nashika kikombe cha chai ya moto, watoto wanashangaa sikitui.

Kwa hiyo redio yako ikinyamaza mchana, katikati ya wimbo unaoupenda, tulia. Usipige simu kulalamika. Kuna mtu huko juu, na huenda ana kufuli moja tu.